Nyumba Yenye Pua

Hadija mwanangu,

Barua hii nitaiweka usiku juu ya sanduku lako, uikute ukiamka. Isome yote kabla hujafungua mlango wa kutokea nje, maana huko nje kuna kitu, na sitaki ukione kabla hujanisikia.

Nimekaa kwenye banda la mashine. Leo sijaiwasha. Walioleta alizeti ya kukamua nimewaambia warudi keshokutwa, wakanitazama usoni wakaondoka bila kubishana. Wewe na mama yako mko Ikungi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla ya magharibi. Nyumbani tumebaki mimi na bibi yako. Yeye amekaa mlangoni kwake ananitazama ninavyoandika, na ameshaniuliza kama naandika wosia.

Siandiki wosia. Mambo ya pasipoti, ya sweta, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, mama yako ameyasema mpaka kuku wameyashika. Mimi nataka kusema juu ya Jumapili.

Tangu Jumapili unaniamkia shikamoo, naitika marahaba, halafu kila mtu anaangalia upande wake. Kesho unaanza safari ya kwenda Algeria kusomea usanifu majengo, na hutarudi leo wala kesho. Ukiondoka tukiwa hivi utaondoka ukiamini kwamba baba yako ameikataa ramani yako ya kwanza. Hilo linaninyima raha kabisa, na ndiyo maana umeniona nazunguka zunguka kama niliyepoteza kitu.

Ngoja niseme ilivyokuwa kwa upande wangu, maana wewe uliona mgongo wangu tu. Ni mimi niliyekuomba. Nilisema mbele ya mama yako na baba yako mdogo Juma: nichoree nyumba mpya kabla hujaondoka, nami nitaijenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwakani, mpaka siku utakayorudi uikute. Ukachora, ukafuta, ukachora tena. Jumapili ukaifungua mezani na kuweka vikombe kwenye pembe za karatasi isijikunje. Nikainama kuitafuta humo nyumba yangu hii ya sasa. Niliona mistari, nikaona vyumba, nyumba yangu sikuiona. Nikauliza, "Yangu iko wapi?" Ukanijibu kwa upole, "Nimebakiza dohani, baba."

Nikasimama nikaja huku bandani, chai nikaiacha inapoa. Niliona kwamba umeibakiza pua, kile kimnara cha juu ya paa, na kuutupa uso. Hasira yangu unaijua, haina kelele ila inakaa.

Sasa nikueleze ile nyumba ilivyopatikana. Umeisikia kama kichekesho kutoka kwa Juma, na Juma huongeza chumvi. Toka kwangu hujawahi kuisikia.

Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, napakia magunia pale Singida mjini. Kwenye duka moja la dawa kulikuwa na kalenda ukutani. Miezi mingine ilikuwa na maua na farasi, ila Desemba ilikuwa na nyumba. Nyumba nyeupe, paa limesimama wima, mbele madirisha makubwa ya vioo, na juu ya paa kimnara cha tofali. Chini yake ardhi yote ilikuwa nyeupe, nikadhani ni chumvi kama ile inayobaki kandokando ya ziwa wakati wa kiangazi. Hiyo nchi ya chumvi ikanipendeza. Nilikuwa nimekwenda kununua dawa ya kichwa, nikasahau kichwa. Mwaka ulipokwisha nikamwomba mwenye duka ule ukurasa wa Desemba, akanipa, nikaulaza chini ya godoro.

Nilipopata nguvu ya kujenga nikampelekea picha fundi Selemani. Yeye ndiye aliyejenga nyumba nyingi za tofali za kuchoma hapa Sepuka, na alikuwa mtu wa maswali machache. Akaiangalia picha, akaigeuza nyuma kutafuta maelezo, akakuta tangazo la dawa ya kikohozi. Akaniuliza, "Hiki cha juu ni cha nini?" Sikujua. Nikasema ni urembo. Akauliza kama kina tundu. Nikamwambia, jenga unavyokiona.

Picha haikuonyesha chini ya kile kimnara kuna nini, kwa hiyo chini yake hatukuweka kitu. Tulijenga dohani kamili ya kutolea moshi, yenye uwazi ndani, imesimama kwenye ukuta wa sebule, chini imezibwa, haina jiko wala moto. Picha haikuonyesha nyuma ya nyumba pia. Kwa hiyo nyuma hatukuweka dirisha hata moja. Madirisha yote tukayaelekeza barabarani ili wapitao waone vioo, na barabara yetu iko magharibi.

Watu walikuja kutazama. Mmoja alisema ni pa kuwekea tenki la maji. Shekhe wetu akaniuliza kwa adabu kama nina mpango wa kuadhini nyumbani. Bibi yako akaja naye, akasimama, akaangalia juu kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, mbona nyumba yako ina pua?" Jina likashika. Mpaka leo mgeni akiulizia kwangu anaelekezwa nyumba yenye pua, nami nimeshazoea.

Pua isingekuwa neno. Tatizo lilikuwa joto. Kuanzia adhuhuri bati lilikuwa linatuchoma kutoka juu, na alasiri jua lilikuwa linaingia kwenye vioo vyangu na kukaa ndani kama mwenye nyumba. Upepo wetu wa mashariki, ambao hapa kwetu hauna likizo, ulikuwa unapiga ule ukuta wa nyuma usio na dirisha na kuondoka zake. Basi kila saa nane mchana mimi mwenye nyumba ya vioo nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba sijamsalimia mama yangu. Naingia kwenye tembe lake, lile la miti na udongo lenye paa bapa la udongo, nakaa, kuna ubaridi. Ananiuliza, "Umekuja kusalimia tena?" Nasema ndiyo. "Karibu. Ila salamu zako ni za saa nane tu." Utani wa saa nane umeukuta nyumbani, asili yake ndiyo hiyo.

Halafu nyuki wakahamia kwenye pua. Nilifurahi mno. Nilizunguka kijijini nikisema nyumba yangu inatoa asali, kwamba hata huko kwenye kalenda hawana ya namna hiyo. Furaha ikaisha siku Juma alipoleta wakwe zake kututembelea. Mmoja wao alirudi kwao jicho moja limefumba. Tukaita mrina asali kutoka upande wa Manyoni. Akapanda juu, akashuka, akasema nyuki wameingia ndani sana, mkono kutoka juu haufiki, lazima atoboe ukuta kutokea sebuleni. Akatoboa juu karibu na bati, akavuta masega, akawatia nyuki wake kwenye mzinga akaondoka nao. Akaniachia asali na tundu la ukubwa wa sufuria.

Nilisema kesho nitaziba. Kesho yake nikaingia na karai la udongo na mwiko. Nje kulikuwa na upepo mkali, kwa hiyo mama yako alikuwa ananyonyoa kuku ndani. Wewe ulikuwa mdogo, hujaanza shule, umelala chali kwenye mkeka ukitazama juu. Nikatazama nawe. Manyoya madogo madogo yalikuwa yanapanda. Yalipanda polepole, yakazunguka karibu na lile tundu, kisha yakaingia na kupotea. Ukasema bila kunigeukia, "Baba, nyumba inapumua."

Nikakwambia usogee nizibe. Hukusogea. Uliketi chini ya tundu ukakunja miguu, ukasema ngoja manyoya yaishe. Nikangoja. Mama yako alimaliza yule kuku, na ingawa anakataa mpaka leo, naapa alikwenda kukamata wa pili kwa makusudi. Udongo ukanikaukia kwenye karai. Na katika kule kungoja nikagundua kwamba ilikuwa mchana, niko chini ya bati langu, na sijafuta jasho.

Tundu halikuzibwa. Nilipanda nikaweka kipande cha bati juu ya dohani, kimeinuliwa kwa vijiti ili mvua isiingie na hewa ipite. Sikuelewa hata kidogo kwa nini inafanya vile. Nilijua tu kwamba kitu nilichokiweka kwa ujinga kimeanza kufanya kazi, na kwamba mtoto wangu amekiona kabla yangu. Nilikuwa na wivu kidogo, Hadija. Na nilijivuna. Vyote viwili vilikuwepo.

Tangu hapo nikapata ugonjwa wa kuangalia nyumba za watu. Nikienda Kinyangiri kununua mbegu, macho yangu yako juu kwenye mapaa. Ulipopata simu ndipo mambo yakaharibika kabisa. Jioni tulikuwa tunakaa hapa kwenye magunia ya mashudu, unanionyesha dunia, na mimi nasahau kula.

Nakumbuka ulivyonionyesha yale majengo ya Waarabu wa Ghuba, marefu mpaka yanaingia mawinguni, vioo kutoka chini hadi juu, jangwani. Nikakuuliza, "Humo ndani wanaishije?" Ukasema kuna mashine za kupoza usiku na mchana. Nikacheka mpaka nikakohoa, kwa sababu niliona kalenda yangu, ila wao wana umeme wa kuificha aibu. Halafu ukanionyesha nyumba za zamani za nchi hizo hizo, zina minara juu ya kudaka upepo na kuuteremsha vyumbani. Nilikurudisha kwenye ile picha mara nyingi. Zile zilikuwa nyumba zenye pua, mwanangu, na wenyewe walikuwa wanajua kwa nini.

Ukanionyesha jengo la ofisi na maduka kule Zimbabwe, ambalo wanasema aliyelichora aliangalia kichuguu, hewa ya moto inapanda kwenye mabomba na kutokea juu. Kesho yake nilikwenda kukaa mbele ya kichuguu kile cha njia ya kisimani, nikatia mkono kwenye tundu lake. Nilitoka na mchwa tu, lakini nilikwenda. Ukanionyesha shule ya Burkina Faso yenye kuta za udongo na bati lililoinuliwa mbali juu ya kuta, upepo unapita katikati. Nikakuuliza kama wanafunzi wanafaulu. Ukasema, "Baba, hiyo siyo habari yenyewe." Mimi bado naona ni habari.

Kuna lile ghorofa la Italia lenye miti kwenye kila kibaraza. Nikauliza, "Nani anamwagilia?" Hukujua. Ukatafuta, ukakuta wana mabomba, na watu wanaoshuka kwa kamba kuipogoa. Nikakaa siku nzima nikimfikiria mtu aliyeajiriwa kuning'inia angani kama popo akipunguza matawi. Kuna maghorofa ya mbao ya nchi za baridi, ambayo nilikataa kuyaamini kwa sababu ya moto, ukanieleza kwamba mbao nene huungua polepole, nje tu, na ndani inabaki na nguvu. Nilikwenda kuchoma gogo kuhakikisha. Ulikuwa sahihi. Kuna ile mashine inayotema zege tabaka juu ya tabaka kama dawa ya meno mpaka ukuta unasimama. Nikakuuliza kama inaweza kutema udongo wa kwetu, ukasema wapo waliojaribu na udongo.

Ila zilizonigusa kuliko zote zilikuwa zile nyumba za Chile. Serikali iliwajengea watu nusu nyumba. Upande mmoja umekamilika, una maji, una paa. Upande wa pili uwazi mtupu, mwenyewe ataujaza akipata. Ukanionyesha picha za baadaye, kila mtu amejaza kivyake, mwingine rangi ya bluu, mwingine mbao. Nikasema, "Hili si pagale?" Wewe umekulia kwenye pagale, nyumba isiyokwisha kujengwa. Chumba chako kilikaa bila plasta mpaka ukaingia sekondari, na nakumbuka ulivyokuwa huwaleti wenzako nyumbani. Mimi nililiona hilo na likaniuma. Kumbe kuna mahali duniani mtu amekaa mezani akalichora pagale kwa makusudi, akaacha nafasi ya maisha ya mtu kuja polepole. Ningependa ukutane na watu wa namna hiyo. Ningependa kujua wanamuuliza nini mtu kabla hawajaamua nusu ipi ijengwe kwanza.

Hayo ndiyo maswali ninayokaa nayo siku hizi, na huko uendako nakuomba uniletee majibu, au hata nusu ya jibu. Saruji inachomwa kwa moto mkubwa, ulinieleza, na moshi wake unaongeza hili joto linalotuharibia mvua. Sisi nasi tofali zetu tunazichoma kwa miti, na nimeona mwenyewe vichaka vya huku vinavyokwisha. Sasa wajukuu zako watajenga kwa kutumia nini? Watabomoa ya zamani na kuunga upya, kama tunavyofanya na kitanda tukihama? Nchi zinazoanza kupata joto leo zitakuja kutuuliza sisi, au zitanunua mashine za kupoza? Na watu wa pwani, bahari ikipanda, zile nyumba zinazoelea ulizonionyesha zitawatosha, au watakuja kutafuta viwanja Singida? Wakija niambie mapema.

Tena uliniambia kompyuta sasa inachora yenyewe. Unaiandikia maneno mawili matatu, inakupa nyumba nzuri kama ya ndoto. Ulinionyesha, na kweli zilikuwa nzuri. Mimi nikaogopa. Niliona ukurasa wa Desemba. Nyumba nzuri mbele, nyuma hakuna anayejua pakoje, na jua linazama upande gani haikuuliza. Sisemi usiitumie. Mimi nisingeweza kuiacha hata saa moja kama ningeijua, ningekuwa naiomba misikiti na mabanda ya mashine mpaka simu izime. Nasema tu kwamba mimi nimeshaishi ndani ya picha, na najua jasho lake.

Na usije ukarudi na ugonjwa wa upande wa pili. Wapo wanaokuja na kamera zao kulipiga picha tembe la bibi yako, wanasema ni zuri, ni la asili, lisiguswe. Ni kweli lina ubaridi. Lakini mlango wake ni wa kuinama, moshi unauma macho, na kila kabla ya mvua mtu anapandisha udongo juu ya paa kwa karai, na huyo mtu ni mimi, na kiuno changu unakijua. Nilichokuwa sikijui ni kingine, na nimekijua leo.

Mlipoondoka asubuhi niliichukua ramani yako nikaenda nayo kwa bibi kushitaki. Nikamwambia, "Mama, mjukuu wako ameibomoa nyumba yangu kwenye karatasi."

Akaniuliza, "Kwenye karatasi tu?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Wewe ya baba yako uliibomoa kwa sururu."

Nilikaa chini. Hadija, nyumba yangu imekaa mahali lilipokuwa tembe la babu yako, lile kubwa nililozaliwa ndani yake. Nililibomoa kwa sababu kiwanja kiko barabarani. Babu yako hakunizuia. Alikuja mwenyewe akawa anachomoa miti, mizuri anaiweka kando, mibovu anaitupa. Ule mti mweusi ulio juu ya mlango wetu alinichagulia yeye. Picha yangu hakuitazama hata mara moja. Aliniuliza swali moja tu: mlango utaangalia wapi. Nikasema barabarani. Akasema, "Haya." Kisha akachukua vitu vyake na bibi yako wakahamia kwenye tembe dogo la nyuma. Nimeishi na ile "haya" miaka yote hii nikidhani alikubali. Leo mama alipotaja sururu, nikaisikia upya. Nikakumbuka na mimi Jumapili nilivyosimama nikaondoka, ila baba yangu alikuwa na heshima ya kubaki na kusaidia.

Bibi yako hakunipa muda wa kuhuzunika. Akasema, "Lete hiyo karatasi. Mimi niko wapi?" Nikaitandaza magotini kwake. Nikatafuta. Nikakuta upande wa mashariki chumba chenye mlango wake kutokea nje, karibu na choo, na umeandika humo: Bibi.

Nikashangaa. Tangu babu yako afariki nimemwomba mama ahamie kwangu, amekataa, na sote tukawa tunasema wazee wanapenda tembe lao. Nikamwambia, "Mama, lakini wewe unalipenda tembe."

"Nani alikwambia? Mvua ikikazana linanivujia kitandani."

"Sasa mbona chumba nilichokupa ulikikataa?"

"Chumba kile kwenda msalani napita mbele ya wageni wako. Mimi mtu mzima nipite na kopo mbele ya wanaume wanakunywa chai? Nilimwambia Hadija."

"Mimi hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulinipa tu."

Ndipo nikaitazama ramani yako kwa mara ya kwanza, maana Jumapili nilikuwa najitafuta mwenyewe. Nikaona dirisha la jiko linaloangalia lango, na nikamkumbuka mama yako anavyotoka na mikono ya unga kila mbwa akibweka. Nikaona baraza pana upande wa magharibi wa kulizuia jua. Nikaona madirisha mashariki, mengi, upepo wetu sasa una pa kuingilia. Vyumba umevizungusha, na katikati imesimama dohani yangu, pua ile ile, na lile tundu la mrina asali umelichora lilivyo, na ubovu wake wa pembeni. Na chini yake nikaona alama ndogo nisiyoielewa. Nikavaa miwani. Umechora kigoda. Umeandika kwa herufi za sisimizi: baba, saa nane.

Bibi yako aliniuliza kwa nini nalia. Nikasema ni miwani, haifai. Akasema, "Haya."

Sasa nikwambie kilichopo nje. Alasiri hii, mlipokuwa huko kwa shangazi, nimechukua vigingi, futi ya fundi na ramani yako, nikaanza kupima. Nyumba yako ni kubwa kuliko nilivyodhani, imekula mpaka banda la mbuzi. Vigingi vimesimama, ni vifupi, gizani hamtaviona. Kamba nitaifunga alfajiri nikitoka kuswali, ili ukitoka uikute nyumba yako imelala chini yote. Kamba moja itapita katikati ya sebule yetu. Itaingilia dirisha la kioo na kutokea mlango wa nyuma, na nimeshamwambia bibi amwonye mama yako asijikwae na chai. Wewe nawe angalia chini ukipita.

Nimekubishia mahali pamoja tu. Ule mti mweusi wa babu yako sikuuona kwenye ramani. Nataka ukae juu ya mlango wa bibi. Kama kwa usanifu wenu haifai, niandikie unieleze kwa nini, nami nitakubishia tena, tuna miaka ya kubishana. Nyumba yangu nitaibomoa mwenyewe, taratibu, na tofali nzima nitaziweka kando. Lakini sitaugusa ukuta hata mmoja kabla mama yangu hajalala kwenye chumba chake. Hapo ndipo nitaanzia kujenga. Ukikuta huko watu waliofikiri vizuri zaidi juu ya kitu chochote hapa, andika hata msingi ukiwa umeshamwagwa. Nitafukua. Kiuno kitalalamika, usikisikilize.

Nasikia pikipiki, nadhani ni nyinyi. Namalizia.

Vigingi vyote nimevipigilia isipokuwa kimoja, cha mlango wa bibi. Nilipofika pale alikichukua mkononi mwangu akaenda kukaa nacho, na hapo alipo anacho mapajani. Amesema atampa aliyemuuliza. Kwa hiyo kesho ukitoka nenda kwake kwanza, umwamkie, upokee kigingi chako ukakigonge mahali pa mlango wake mpya. Nyundo nimeiweka kizingitini kwake. Basi lina haraka zake, nitakwenda kusimama mbele yake kama ikibidi.

Mimi nitakuwa ndani, nimekaa kwenye kigoda chini ya pua, nasikiliza. Nikisikia umekigonga nitatoka, na shikamoo yako safari hii nitaiitika vizuri.

Baba yako,
wa nyumba yenye pua